MAMA HARRIET TUBMAN: MGONJWA, MJANE, NA MDAI WA HAKI



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotuachia mfano, safari hii tunamtazama mama mmoja wa Marekani, Harriet Tubman. Wengi wetu tunalijua jina lake juu ya jambo moja: alitoa watumwa katika nchi ya utumwa wakati wa usiku na kuwafikisha kwenye uhuru, hata watu wakamwita Musa. Hilo ni kweli. Lakini kuna upande mwingine wa maisha yake ambao hauelezwi mara nyingi. Mama huyu alikuwa mgonjwa tangu utoto wake mpaka siku ya kufa. Alipoteza dada zake, akapoteza mume wa kwanza, akazika mume wa pili. Tena kwa miaka zaidi ya 30 aliidai serikali ya nchi yake malipo ya kazi aliyoitumikia.

Tunaeleza maisha yake kwa sababu kuna neno linalosikika kati yetu waaminifu. Wako wanaosema kwamba mtu wa sala, akiwa mgonjwa au kilema au mjane, hapaswi kusumbuka na maofisi na makaratasi. Anyamaze tu na kumwachia Mungu. Akienda kudai kilicho chake, wanasema imani yake imepunguka. Basi tusikie maisha ya mama huyu, kisha kila mmoja apime neno hilo.

Mtoto aliyevunjwa kichwa

Alizaliwa karibu na mwaka 1822 katika jimbo la Maryland, wilaya ya Dorchester. Wazazi wake, Ben Ross na Harriet Green, walikuwa watumwa, naye akazaliwa mtumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Araminta. Walikuwa watoto tisa. Dada zake watatu waliuzwa mbali, na jamaa haikuwapata tena. Kwa hiyo alijua kufiwa na watu walio hai kabla ya kujua kufiwa na wafu.

Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, bwana wake alianza kumkodisha kwa watu wengine. Alipigwa fimbo sana, akabaki na makovu maisha yake yote. Safari moja alitumwa kuchunguza mitego ya wanyama katika maji baridi wakati alipokuwa anaugua surua, akarudishwa kwa mama yake akiwa karibu kufa.

Alipokuwa na miaka 13 hivi, alifika katika duka moja la kijiji cha Bucktown. Kapita mmoja alikuwa anamfuata mtumwa kijana aliyeacha kazi bila ruhusa. Kapita akashika jiwe la mizani, la chuma, lenye uzito wa karibu kilo moja, akamtupia kijana yule. Jiwe halikumfikia kijana; lilimpiga Araminta kichwani na kuvunja fuvu. Alibebwa akitoka damu, akalazwa bila munganga na bila dawa, na baada ya siku mbili alirudishwa shambani, damu na jasho vikimtiririka usoni. Bwana wake alijaribu kumuuza, lakini wanunuzi walimkataa. Machoni pao alikuwa mtu asiye na bei.

Tangu siku ile alikuwa na maumivu makali ya kichwa na usingizi wa ghafla. Aliweza kuwa anasema na watu, akakatika katikati ya neno, akalala, kisha akaamka na kuendelea pale alipoachia. Waganga wengi wa siku hizi waliochunguza habari zake wanafikiri kwamba ilikuwa namna ya kifafa kilicholetwa na lile jeraha. Hapa tusimame kidogo, ndugu wapendwa, kwa kuwa kati yetu ugonjwa wa kifafa unaogopwa sana, na wanaougua wanatengwa kwenye sahani na kwenye kitanda. Kifafa hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayaambukizi. Mtu akianguka, umlaze upande, uondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kitu kinywani, na ukae naye mpaka apate fahamu.

Katika usingizi ule Harriet aliona pia ndoto na maono, naye aliamini kwamba Mungu alimwonya juu ya hatari. Lakini hakusema kwamba ugonjwa wenyewe ni kitu cha kupendeza. Aliubeba, aliuombea, na alipopata nafasi aliutafutia dawa.

Safari za usiku

Mwaka 1844 aliolewa na John Tubman, mtu huru, na wakati ule akachukua jina la mama yake, Harriet. Mwaka 1849 bwana wake alikufa, na habari ikaenea kwamba watumwa watauzwa. Harriet akakimbia peke yake, usiku kwa usiku, mpaka Philadelphia katika jimbo la Pennsylvania, ambako hapakuwa na utumwa. Aliporudi baadaye kumchukua mume wake, akamkuta amekwisha kuoa mwanamke mwingine. Aliumia sana. Lakini hakurudi mikono mitupu. Alichukua watu wengine waliotaka uhuru, akaondoka nao.

Kwa muda wa miaka kumi hivi alirudi Maryland karibu mara 13, akatoa watu wapata 70, bila kupoteza hata mmoja. Kwa kuwa sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watumwa waliokimbia kukamatwa hata katika majimbo huru, wengi aliwafikisha mpaka Kanada. Katika safari hizo usingizi ulimshika njiani, wawindaji wakiwa nyuma yao. Wale aliowaongoza walikaa kimya kumzunguka, wakamngojea mpaka aamke. Hakuna aliyemwacha, na yeye hakuacha kazi kwa kuwa ni mgonjwa. Hivyo ndivyo mtu mwenye udhaifu alivyoongoza wenye nguvu, nao wenye nguvu wakajua kumngojea.

Mwaka 1857 aliwatoa wazazi wake. Walikuwa wazee, hawakuweza kutembea usiku kucha kama vijana. Basi Harriet alitafuta farasi na kutengeneza kigari cha magurudumu mawili kwa vipande vya mbao, akawapandisha humo. Hakusema kwamba safari si ya wazee; alitengeneza njia iliyowafaa. Mwaka 1859 alinunua nyumba na shamba dogo katika mji wa Auburn, jimbo la New York, kwa Seneta William Seward, kwa kulipa kidogo kidogo.

Kazi ya vita bila mshahara

Vita vya Marekani kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini vilianza mwaka 1861. Mwaka 1862 Harriet alitumwa South Carolina, upande wa Beaufort, pamoja na jeshi la Kaskazini. Huko alikuwa mwuguzi. Aliwatunza askari na watumwa waliowekwa huru, waliokuwa wanakufa kwa kuhara damu, homa na ndui. Alichemsha mizizi na majani aliyoyajua tangu kwao, na wengi walipona.

Mwanzoni alipewa posho ya chakula kama askari. Watu huru wengine wakanung'unika kwamba anapendelewa, naye akaiacha ile posho. Kutwa alitumika hospitalini, na usiku alioka mikate ya matunda na kutengeneza kinywaji cha mizizi, vitu vya kuuza ili apate chakula chake mwenyewe.

Alikuwa pia mpelelezi, mwenye watu chini ya amri yake. Tarehe 2 mwezi wa sita mwaka 1863 alikwenda pamoja na Kanali James Montgomery na askari Weusi katika mashua za moshi kwenye mto Combahee. Watumwa zaidi ya 700 wakapata uhuru siku moja.

Kwa kazi yote ya vita alipewa karibu dola 200 tu. Hata hizo alizitumia kujenga nyumba ya kufulia nguo, ili wanawake waliotoka utumwani wapate kazi ya kuwalisha. Hakuwa na barua ya kuandikwa kazini. Alitumwa kwa kinywa na kwa barua za ruhusa ya kusafiri, na hilo lilimletea taabu kubwa baadaye.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, alirudi nyumbani kwa treni, mkononi akiwa na karatasi ya jeshi ya kusafiri kwa nusu ya bei. Mkaguzi wa tiketi alikataa kuamini kwamba mwanamke Mweusi anaweza kuwa na haki hiyo. Akaita wanaume wengine, wakamvuta kwa nguvu na kumtupa katika behewa la wavuta tumbako, wakamwumiza mkono vibaya. Yeye aliyetunza wagonjwa wa taifa zima alifika nyumbani mkono ukiwa umefungwa, bila mshahara, na kwa muda mrefu hakuweza kufanya kazi.

Nyumba ya Auburn

Katika ile nyumba ya Auburn waliishi wazazi wake wazee, na pamoja nao yatima, vipofu, vilema na wagonjwa ambao hawakuwa na mahali. Aliyebisha mlango hakufukuzwa. Harriet alilima mboga, alifuga nguruwe, aliweka wapangaji. Mara nyingine chakula kilikwisha, naye alikwenda kwa majirani na kwa watu wa kanisa na kikapu, akiomba kwa ajili ya wale aliowatunza. Mwaka 1869 Sarah Bradford aliandika kitabu cha maisha yake, na fedha iliyopatikana ilimsaidia kulipa deni la nyumba.

Mwaka huo huo aliolewa na Nelson Davis, mfyatua matofali, aliyekuwa askari katika vita vile, kijana kuliko yeye. Watu wengi walimwona ni mwenye nguvu, lakini ndani ya kifua alikuwa na kifua kikuu, na mara nyingi hakuweza kutumika. Harriet alimtunza karibu miaka 20. Wakachukua pia mtoto mchanga wa kike na kumlea kama wao. Nyumba ya mbao iliungua, wakajenga nyingine ya matofali. Tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 1888 Nelson alikufa, naye Harriet akawa mjane, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Makaratasi ya mjane

Sasa, wapendwa, tufike kwenye jambo lenyewe. Tangu vita vilipokwisha Harriet alidai malipo yake. William Seward, aliyekuwa waziri wa mambo ya kigeni, alimwandikia barua ya kumsaidia. Charles Wood, mtu wa Auburn, alikusanya barua za wakubwa wa jeshi waliojua kazi yake. Serikali ilijibu kwamba jina lake haliko katika orodha. Mwaka 1874 wajumbe wawili waliomba Bunge limlipe dola 2,000. Mswada huo ulianguka katika Seneti.

Mwaka 1890 ikatoka sheria mpya iliyowapa wajane wa askari pensheni, yaani malipo ya kila mwezi. Harriet akaomba mara moja. Lakini mume wake aliandikwa jeshini kwa jina la Nelson Charles, na alioa kwa jina la Nelson Davis. Maofisa wakataka ushahidi kwamba ni mtu mmoja. Wakataka ushahidi kwamba walioana. Wakataka ushahidi kwamba mume wa kwanza, John Tubman, amekwisha kufa. Kweli alikuwa amekwisha kuuawa mwaka 1867, na mzungu aliyemwua aliachiliwa na mahakama. Fikirini mzigo huo: mama asiyejua kusoma, mwenye kichwa kinachouma, anaambiwa athibitishe kwa karatasi kila huzuni ya maisha yake.

Hakuacha. Alileta mashahidi mmoja mmoja, jirani na rafiki waliomjua mume wake. Wenye kujua kuandika walimwandikia, naye akatia alama ya msalaba mahali pa jina. Miaka mitano ilipita. Mwaka 1895 alipewa dola 8 kwa mwezi, pamoja na malimbikizo ya karibu dola 500.

Lakini hiyo ilikuwa haki ya mume wake. Kazi yake mwenyewe ilikuwa bado haijalipwa. Mwaka 1898 alitoa tamko la kiapo, akaeleza kwamba alikuwa mwuguzi na mpishi katika hospitali, na mkuu wa wapelelezi kadha, kwa miaka mitatu, na kwamba anadai dola 1,800. Mjumbe Sereno Payne alipeleka bungeni mswada wa kumpa dola 25 kwa mwezi. Wakabishana. Mwezi wa pili mwaka 1899 wakakubaliana dola 20: 8 za ujane na 12 zaidi juu ya uuguzi. Kazi ya upelelezi na ile ya mto Combahee hazikulipiwa pensheni. Tangu mwisho wa vita ilikuwa imepita miaka karibu 34.

Nyumba ya wazee

Katika miaka hiyo hiyo maumivu na mngurumo wa kichwa vilizidi hata hakuweza kulala. Akaenda hospitali ya Boston, akamwomba munganga ampasue. Walifungua fuvu lake, na baada ya hapo alisema amepata nafuu. Mwenye maono hakuona haya kwenda kwa munganga.

Wala pensheni hakuila peke yake. Mwaka 1896 alinunua shamba la karibu hekta 10 jirani ya nyumba yake, kusudi pawe na makao ya wazee Weusi waliochoka na wasio na mtu. Mwaka 1903, deni lilipomlemea, alilikabidhi kwa kanisa lake, African Methodist Episcopal Zion. Makao yalifunguliwa mwaka 1908. Lakini Harriet alihuzunika kwa sababu iliwekwa sheria kwamba anayeingia alipe dola 100. Yeye alitaka mlango ufunguke kwa asiye na kitu. Tazama, hata kwa kanisa lake mwenyewe hakunyamaza.

Mwaka 1911 yeye mwenyewe aliingia katika makao hayo, hawezi kutembea. Tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 1913 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 90 na zaidi, rafiki na jamaa wakiimba karibu na kitanda chake. Alizikwa Auburn kwa heshima ya kijeshi.

Deni halikusahauliwa. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilitoa dola 11,750 kwa nyumba yake ya Auburn, kwa ajili ya sehemu ya pensheni aliyopunguziwa. Na mwezi wa kumi na moja mwaka 2024 jimbo la Maryland, lile lililomzaa mtumwa, lilimpa cheo cha jenerali. Tunafurahi kusikia hayo. Lakini jenerali aliye kaburini hawezi kununua chumvi. Haki inayochelewa mpaka mwenyewe azikwe ni nusu ya haki.

Fundisho kwetu

Bwana Yesu alitolea wanafunzi mfano wa mjane aliyemwendea kadhi mbaya kila siku mpaka akapata haki yake. Aliutoa mfano huo ili kufundisha sala. Kwa hiyo anayeomba Mungu usiku na kubisha mlango wa ofisi asubuhi hafanyi mambo mawili yanayopingana. Harriet alisali kuliko wengi wetu, na ni yeye yule aliyebisha miaka 30 na zaidi.

Tena tujue kutofautisha sadaka na haki. Kikapu cha jirani kilikuwa sadaka, naye alikipokea kwa shukrani. Pensheni ilikuwa deni. Mgonjwa na mjane wakipewa sadaka, deni lao halijafutwa.

Mwisho, tuwatazame wale waliokuwa kando yake: aliyeandika barua, aliyekusanya makaratasi, jirani aliyekwenda kuapa kwamba Nelson Charles na Nelson Davis ni mtu mmoja. Kati yetu wako wajane wanaotembea na mafaili chini ya kwapa mwaka baada ya mwaka. Wako vilema wasioweza kupanda ngazi za ofisi. Wako wagonjwa wa kifafa wanaoogopa kuanguka njiani, kwa hiyo hawaendi. Wewe unayejua kusoma, soma karatasi ya mama huyo. Wewe mwenye miguu, mpelekee faili. Wewe uliyemjua marehemu mume wake, nenda ukashuhudie, wala usingoje uombwe mara tatu. Na ninyi wazazi, tunzeni vizuri karatasi za ndoa na za kuzaliwa, na muandikishe jina moja kila mahali, ili mjane wenu asihangaike miaka mitano juu ya jina.

Wale watumwa waliokuwa porini usiku walimngojea Mama Harriet mpaka akaamka. Nasi tuwangojee walio dhaifu kati yetu, tutembee pamoja nao mpaka wafike.

Mungu Baba awatie nguvu wagonjwa wote, wajane na yatima. Amina.